Majina ya Kisima

Kipindupindu kilipoingia Temeke mwaka ule wa mvua za El Niño, Najma binti Talha alitolewa masjala akapelekwa kambi ya wagonjwa, kwa kuwa ndiye aliyesomea kompyuta. Kila mgonjwa alimwingiza kwenye mstari wake: jina, umri, mtaa, anakochota maji.

Mchana mmoja Daktari Kasimiri aliingia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Gari la dawa ya maji lilikuwa moja tu, na mabwana afya walikuwa wakibishana liende wapi. Alimtaka Najma awapange wagonjwa kwa mtaa, kisha kwa maji wanayotumia, kabla mgao haujakata umeme.

Najma alitengeneza jedwali la muhtasari, lile ambalo ukiburuta kichwa cha safu na kukiweka pembeni, mashine yenyewe inakukusanyia na kukuhesabia. Akaanza na mtaa. Wagonjwa wakatawanyika kote, hakuna mtaa uliozidi mwingine. Akautoa mtaa, akaweka maji. Orodha ikarefuka kupita kiasi, maana mapokezi waliandika kila mtu alivyotamka, na kwa kompyuta herufi moja ikipishana hicho ni kitu kingine. Ilibidi ayasawazishe majina kwanza.

"Bomba la shule" na "bomba la shuleni" akayafanya moja. Akashuka. "Kwa Mzee Talha." "Kisima cha Talha." "Kwa fundi cherehani." "Kisima cha sadaka."

Vyote vilikuwa kisima kimoja. Baba yake, fundi cherehani, alikichimba uani bomba lilipokauka, na hakumtoza mtu hata siku moja. Nyumbani kwao walisalimika kwa sababu mama alichemsha maji.

Majina yakibaki yalivyo, kila moja lilikuwa na watu wachache, yakipotea katikati ya mengine. Wala asingekuwa amedanganya. Angekuwa ameacha tu.

Kasimiri akauliza mlangoni kama tayari. Najma akasema bado kidogo. Nje mwanamke alikuwa akilia, akiliita jina la mwanawe. Najma akaandika jina moja kwenye mistari yote ya majina yale manne, akaliamuru jedwali lihesabu upya. Kisima cha Mzee Talha kikapanda juu, kikaviacha vingine mbali.

"Daktari, hiki ni cha nyumbani kwetu."

Kasimiri alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama yeye. Akauliza kama amtume mtu mwingine akamwambie baba yake.

"Hapana. Naenda mie."

Alimkuta baba barazani, mguu kwenye pedeli ya cherehani. Akamwamkia, akamweleza: choo cha nyumba ya wapangaji nyuma ya ukuta, mvua ilivyokijaza, maji yalivyopenya chini kwa chini hadi kisimani. Mzee alikuja juu, akauliza tangu lini mashine ya ofisini ikakijua kisima chake kuliko yeye. Kisha akauondoa mguu kwenye pedeli.

"Marehemu Adelina, mkewe Sebastian," alisema. "Alikuwa anachota hapa."

"Najua, baba. Jina lake nimeliingiza mie."

Mzee Talha akaenda uani, akafungua kamba ya ndoo, akaukomea mlango wa ua. Hakungoja gari la dawa. Alivaa kofia yake akaenda kwa Sebastian, mwenzake wa maongezi ya barazani, Najma nyuma yake.

Sebastian alikuwa mkekani na ndugu zake waliotoka Masasi kwa msiba. Mzee Talha hakuketi.

"Maji yaliyomuua mama watoto yametoka kwangu," alisema. "Sikujua."

Sebastian alimkodolea macho, kisha akageuka ghafla kuuangalia mtungi penye kivuli, ambako bintiye mdogo alikuwa akichovya kikombe. Aliruka, akakipiga kikombe kikadondoka, akaupindua mtungi, maji yakatapakaa hadi miguuni pa mgeni wake. Mtoto akaanza kulia. Najma alimbeba akamuuliza kama amekwisha kunywa. Hakuwa amekunywa.

Kisima kilifukiwa wiki ile, na kambini vitanda vikaanza kubaki wazi. Sebastian hakufika tena barazani kwa Mzee Talha. Wakikutana njiani, walisalimiana, kila mtu akashika njia yake.