Uzoefu Hauhitajiki

Siku ya usaili, mkuu wa masjala ya hospitali alipokea bahasha ya vyeti, akaiweka mezani bila kuifungua, kisha akainama upande mmoja wa kiti chake ili atazame nyuma ya mgongo wa dada aliyeketi mbele yake. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlango, kalenda ya kampuni ya dawa na ndoo ya kupigia deki.

"Naona huna uzoefu," alisema.

"Sina. Ila tangazo lilisema hauhitajiki."

"Hauhitajiki," mkuu alikubali. "Utaupata hapa hapa."

Kazi yenyewe ilikuwa kuyapa magonjwa namba. Mgonjwa akitoka, kwa miguu yake au kwa machela iliyofunikwa, faili lake lilishuka masjala. Karani alilisoma, akatafuta ugonjwa huo katika kitabu kinene, akaingiza namba yake kwenye kompyuta. Baada ya hapo faili lilifungwa, na mtu yeyote aliyetaka kujua hospitali ile inaugua nini aliangalia namba, hakuangalia watu. Dada huyu alikuwa ameuza viatu miaka sita. Aliweza kutazama mguu wa mteja akiwa bado mlangoni na kusema ni thelathini na tisa. Mkuu alipolisikia hilo alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema kumbe kazi ni ile ile. Wenzake wakambandika jina la Dada Viatu, naye hakulikataa, kwa kuwa jina la utani ofisini ni dalili kwamba utaachiwa kikombe cha chai.

Alipewa mafunzo na Bi Kitabu, mama mtu mzima aliyekuwa karibu na kustaafu na aliyejua namba zote kwa kichwa. Nyuma ya meza ya Bi Kitabu palikuwa na viti kumi na kimoja, na juu yake waliketi marehemu kumi na mmoja. Hawakuwa wasumbufu. Mzee mmoja mwenye gauni la wodini alisoma gazeti la juzi. Bibi mmoja alikuwa anafuma kitu ambacho hakikuwahi kurefuka. Mfagizi alipopita na deki waliinua miguu wote kwa pamoja, na mfagizi alisema kwa upande wake hana shida nao, shida yake ni walio hai wanaokanyaga sakafu kabla haijakauka.

"Hawa ni wako?" Dada Viatu aliuliza siku ya kwanza.

"Wangu, mwanangu. Niliwapa namba zisizo zao." Bi Kitabu alilamba kidole akafungua ukurasa. "Mkuu ana wengi zaidi. Ilibidi wambomolee ukuta."

"Kwa nini usiwape zao?"

"Haya, tuanze na homa," alisema Bi Kitabu.

Alikuwa mwalimu mzuri. Alimfundisha kutofautisha maumivu na ugonjwa, na kutofautisha ugonjwa na alichokihofia daktari. Jambo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la moyo. Moyo kusimama, alisema, una namba yake kitabuni, I46, lakini usiiandike kama sababu ya kifo. Kila aliyekufa, moyo wake umesimama. Tafuta kilichousimamisha. Dada Viatu aliliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Miezi miwili ikapita. Aliingiza mafaili arobaini kwa siku, hakuna aliyekuja kukaa nyuma yake. Nyumbani mama yake alianza kuwaambia majirani "mwanangu wa hospitali," na watu waliofikiri ni nesi hakuwasahihisha. Ijumaa ya wiki ya tatu ya mwezi angemaliza majaribio, na barua ya ajira ya kudumu ingetoka. Hakutaka kurudi kupiga magoti mbele ya miguu ya watu. Hilo aliwahi kulisema waziwazi, na hakukuwa na ubaya wowote kulitaka.

Faili lenyewe lilifika Jumanne. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, aliyeingia leba kwa miguu yake, akajifungua mtoto wa kike saa tisa alasiri. Kuanzia hapo nesi wa zamu aliandika kwa kalamu ya bluu, na mwandiko wake ulizidi kuharibika kila mstari. Saa tisa na nusu, damu inatoka nyingi, daktari ameitwa. Saa kumi, damu ya kuongeza imeombwa. Saa kumi na moja, friji la damu ni tupu, ndugu wameambiwa watafute. Saa kumi na mbili, shuka zimebadilishwa mara ya nne. Saa moja, presha haisomeki. Chini kabisa daktari alikuwa ameandika kwa kalamu nyeusi, mwandiko safi: Moyo umesimama ghafla.

Dada Viatu alifungua kitabu, akaipata namba ya kutoka damu baada ya kujifungua, O72. Kisha akabeba faili hadi kwa mkuu, kwa sababu bluu na nyeusi hazikupatana.

"Daktari ameandika nini?" mkuu aliuliza.

"Moyo. Lakini nesi ameandika friji..."

"Sisi hatuweki namba kwenye friji." Hakuwa amekasirika. Nyuma yake marehemu walikuwa wamejaa hadi stoo ya zamani ya mashuka, na mmoja alimsogezea kalamu iliyokuwa inataka kuanguka. "Leba ikiwa na kifo kingine cha damu mwezi huu, watakuja wakaguzi. Wakija wataanza na masjala. Majaribio yako yanaisha lini vile?"

"Ijumaa hii."

"Barua yako nimeshaichapa," alisema mkuu. "Imebaki sahihi tu."

Dukani kulikuwa na ujanja kwa siku ambazo namba ya mteja haikuwepo. Unampa iliyo karibu, unasokota karatasi kidogo unaisukuma kwenye ncha ya kiatu, unamwambia kitazoea. Dada Viatu alirudi mezani, akaandika I46, akafunga faili. Alijiambia daktari ndiye daktari.

Kesho yake aliporudi kutoka chakula cha mchana alimkuta mwanamke ameketi sakafuni nyuma ya meza yake, mgongo ukutani, miguu mitupu ameinyoosha. Thelathini na nane. Dada Viatu alimsalimu, akaenda stoo kuomba kiti. Mtunza stoo alimpa daftari asaini, na kwenye safu ya sababu aliandika "mgeni."

"Wa kwanza?" mtunza stoo aliuliza. "Hongera, umeanza."

Marehemu alishukuru kwa kiti. Hakulia wala hakulaumu, na Dada Viatu angeona afadhali kama angelaumu. Alikaa siku nzima akitazama mafaili yanavyoingia na kutoka. Jioni, watu wakifunga madroo, ndipo alipozungumza.

"Mdogo wangu atakuja kuchukua hati ya kifo changu. Naomba umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua." Alikunja gauni magotini. "Ana mimba ya miezi saba. Kadi yake ya kliniki ni ya hapa hapa. Mama yetu alitoka damu hivyo hivyo aliponizaa mimi, akapona kwa bahati. Na damu yetu sisi ni lile kundi la shida kupatikana. Akijua, ataenda kwingine."

"Mwambie wewe," alisema Dada Viatu.

Lakini hilo halikuwezekana, na wote wawili walilijua. Ndugu walihudumiwa dirishani, na dirisha lilikuwa la kioo chenye tundu dogo chini la kupitishia karatasi. Sauti za marehemu hazikuwahi kupita kwenye tundu lile. Bi Kitabu alisema wa kwake walijaribu miaka na miaka, mmoja hadi alilala kifudifudi mezani akaweka mdomo kwenye tundu. Mwanawe upande wa pili alidhani ni upepo, akafunga vifungo vya shati.

Ijumaa asubuhi barua ilitoka. Mkuu alimpa mkono, akampa na ufunguo wa droo. Dada Viatu aliiweka barua humo drooni, akaifunga, akaifungua kuhakikisha bado imo. Saa tisa mkuu aliondoka mapema kwenda msibani. Saa kumi kasoro mdogo wa marehemu alifika dirishani.

Alikuwa amevaa ndala za dada yake. Dada Viatu alizitambua kwa namna zilivyokuwa zimelalia upande wa kidole kidogo, sawa na nyayo zilizokuwa zimetulia chini ya kiti nyuma yake. Miguu ilikuwa imevimba, mikanda imezama nyamani. Alimpa hati kupitia tundu. Yule dada aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Moyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Samahani, dada, nikuulize, maana ninyi mnaelewa haya mambo." Alisogea karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Mimi nilihofia ni damu. Siku ile nilizunguka mji mzima kuitafuta, nikarudi mikono mitupu. Nikasema mimi nitaenda kujifungulia ile hospitali ya mji wa pili, ni mbali lakini friji lao halikauki. Mume wangu anaona ni usumbufu bure. Sasa kama ni moyo, wangu wameupima kliniki, mzima. Au wewe unaonaje?"

Mkuu hakuwepo. Hakuna aliyekuwa amemshikia Dada Viatu kisu shingoni. Bi Kitabu alikuwa ameinamia kitabu, kitabu alichokuwa anakijua kwa kichwa. Nyuma, marehemu alisimama, akaita jina la mdogo wake mara mbili, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita mwenzake aliyeko jikoni. Dada Viatu alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, silabi mbili tu, hata mtoto angelitamka. Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni, unamchoma pajani.

"Imeandikwa moyo," alisema.

"Ahsante sana, dada yangu," yule mwenye mimba alisema, na mabega yake yakashuka. "Umenitoa wasiwasi."

Aliondoka akiburuza ndala. Marehemu aliketi. Hakuita tena.

Aibu aliyoipata Dada Viatu haikumnyima usingizi, na hilo lenyewe lilimtia aibu zaidi. Alijaza fomu ya masahihisho, iliyotaka sahihi ya daktari, akampelekea daktari, naye akasema iache hapo nitaiangalia. Anwani ilikuwa kwenye faili, akainakili kwenye karatasi. Alipanga aende Jumapili. Jumapili mama yake aliwaita majirani kuiona barua, ikapitishwa mkono kwa mkono hadi pembe zikalegea. Jumapili iliyofuata ikanyesha. Ya tatu alifika kweli, hadi kwenye kizingiti. Ndala zilikuwa nje ya mlango, zimepangwa vizuri, na ndani mtu alikuwa anacheka. Alisimama akizitazama kwa muda wa kumhudumia mteja mmoja. Kisha akageuka akarudi, akijiambia haifai kumtia hofu mtu aliyekaribia kujifungua.

Kazini alisifiwa. Alifikisha mafaili hamsini kwa siku.

Wiki ya saba tangu barua itoke, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, marehemu aliinuka. Alikivuta kiti chake hadi kwenye kabati, akabakiza pembeni nafasi ya kutosha, akachuchumaa na kupangusa sakafu hapo kwa kiganja. Bi Kitabu aliinua macho, akayarudisha kitabuni.

Dada Viatu alipiga simu leba. Iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu nesi alipokea akasema ana haraka, anatafuta damu. Jina la mgonjwa hakulitaja, wala Dada Viatu hakuliuliza. Alirudisha simu mahali pake, akatoka kwenda benki ya damu na kuinua mkono wake mwenyewe wautoboe. Walimpima, wakamwambia kundi lake ni la kawaida, wanalo la kutosha, wanachokosa ni jingine. Wakampa soda.

Kutoka hapo alipitia stoo. Daftari lilikuwa wazi mezani.

"Cha pili?" mtunza stoo alisema. "Sasa unaweza kusema una uzoefu."

Aliweka sahihi. Kwenye safu ya sababu hakuandika kitu, na mtunza stoo hakudai. Alichagua kiti chenye miguu iliyokaa sawa, akakibeba kichwani kupitia korido ya wagonjwa wa nje, akakiweka palipopanguswa, kikitazama dirisha. Saa tisa alasiri kiti kilikuwa na mtu, hata kabla ya faili wala namba. Nyayo zilikuwa bado zimevimba, na alama za mikanda ya ndala zilionekana. Dada wawili walikuwa wameshikana mikono. Mdogo alimtazama Dada Viatu kama alivyomtazama dirishani, kwa imani ile ile.

Faili lilishuka kesho yake. Mtoto wa kiume, mzima. Kisha kalamu ya bluu, ukurasa mzima. Kisha kalamu nyeusi, mstari mmoja. Mkuu alisimama mlangoni na wa kwake nyuma yake, kisha akarudi ofisini, kwa sababu hapakuwa na haja tena ya kumwelekeza.

Dada Viatu alivuta kibodi karibu. Kitabu hakukifungua. Namba ya moyo aliijua.