Kidirisha cha Pembeni

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na sheria za nchi, nawatangazia wakazi wote, wenye nyumba na wapangaji, wenye nywele na wenye vipara, kwamba yeyote atakayekutwa na runinga isiyolipiwa ada atachukuliwa hatua kali, za haraka na zisizo na chembe ya huruma!"

Maneno hayo mazito yalitamkwa mchana kweupe, mlangoni pa kinyozi wa ghorofa ya chini, na mkaguzi wa ada ya runinga. Mkaguzi alivaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachoma utosi. Alikuwa na miwani ya giza, barakoa, na kofia ngumu ya fundi bomba. Mkononi alishika kifuniko cha sufuria kilichozungushiwa waya, ambacho ndicho kilikuwa chombo cha serikali cha kunusa runinga. Tena mkaguzi huyo alikuwa hajamaliza kazi za likizo za hesabu, kwa sababu mkaguzi huyo nilikuwa mimi.

Shuleni, ambako tunalala bweni moja kama dagaa kwenye kopo, naitwa Mheshimiwa. Cheo hicho sikukiomba, nilikipata kwa kipaji. Naweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na ninayoimudu kuliko zote ni ya makamu mkuu wa shule, ambaye hata akiomba chumvi utadhani anafungua kikao cha bunge. Kwa sauti hiyo niliwahi kulitoa bweni zima nje kwenda gwaride, na makamu mwenyewe akatoka mbio na taulo kiunoni akidhani amechelewa.

Ila kuna mtu mmoja ambaye kipaji changu hakimfikii, naye ni Bibi, mama yake mama. Homa ilimchukulia masikio yote mawili alipokuwa mtoto. Kwa hiyo nyumbani kwetu mdomo na mikono hufanya kazi pamoja. Ukisema neno bila kulionyesha kwa mikono, Bibi anahesabu kwamba umemsengenya. Mikono yangu imezoea hivyo hadi darasani naambiwa niitie mfukoni, na nikiongea kwenye simu inaendelea tu kumweleza mtu asiyeiona. Baadhi ya ishara zetu Bibi alizipata shule ya viziwi. Nyingine tumezizaa wenyewe. Kwa mfano, "lipa" kwetu ni kuchomeka vidole viwili shingoni, ndani ya kola, kwa sababu huko ndiko Bibi anakohifadhi pesa zake. Anasema tangu Babu afariki hakuna mwizi aliyethubutu kufika huko.

Bibi anashona nguo. Kila jioni alikuwa anafunika cherehani, anavuta kiti na kutazama taarifa ya habari ya kituo cha umma. Pale pembeni mwa kioo palikuwa na kidirisha kidogo, na ndani yake mwanamke mwenye hereni kubwa akitafsiri kwa ishara. Jina lake hatukulijua. Bibi alimwita kwa kugusa ndewe ya sikio.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anampenda hivyo mtu asiyemjua.

"Mume wangu," akanijibu kwa mikono, maana ndivyo anavyonitania, "nyinyi nikiwauliza waziri amesema nini, mnaniambia, 'Siasa tu, Bibi.' Mtu kafungua mdomo muda wote ule, mimi napewa maneno mawili! Huyu hanipunguzii."

Vituo vingine vyote, vile vya mpira na tamthilia, havikuwa na kidirisha. Ndiyo maana Bibi alikuwa mtu wa kwanza jengo zima kulipa ada, ambayo ndiyo iliyokiendesha kituo cha umma, na aliilipa mwenyewe kutoka kwenye ile benki ya shingoni.

Kinyozi alikuwa hajalipa wala hana mpango. Alikuwa akimpiga mteja wembe na serikali wembe, yote kwa pamoja.

"Mimi kituo chao sikitazami!" alimwambia Mama siku aliponipeleka kunyolewa. "Taarifa nzima fulani kakata utepe, fulani kazindua choo. Sasa nilazimishwe kukilipia kwa sababu tu nina kioo ukutani? Ningekulazimisha ununue sabuni ya jirani eti kwa vile na wewe una ngozi, ungekubali, dada?"

Wateja wakacheka. Hata mimi nilicheka chini ya shuka, maana ukweli ni ukweli, choo walikuwa wamekizindua kweli.

Mama ni muuguzi, haonekani akipandisha sauti. "Na kidirisha cha mama yangu nani atakilipia? Hao wa mpira wako?"

"Walipe wanaokihitaji."

"Wanaokihitaji ndio hao wasiopata kazi kwa sababu hawasikii. Wakichanga peke yao yule dada mkalimani atapata nauli ya kwenda tu."

"Ndiyo dunia, dada. Kila mtu na mzigo wake."

Mama akanishika bega, tukaondoka na upande mmoja wa kichwa changu ukiwa bado na nywele nyuma ya sikio. Pale ngazini nikaapa kwamba Kinyozi nitamfunza adabu. Nia yangu ilikuwa safi kama shati la Jumatatu. Kusema kweli, kama shati la Jumatatu lililovaliwa hadi jioni, kwa sababu nilitaka pia kucheka.

Basi tulifika pale mlangoni, mimi na kifuniko changu, na rafiki yangu Kijiko akiwa nyuma ya pipa la maji anarekodi kwa simu. Niliunguruma kwa sauti ya makamu. Mteja aliyekuwa kitini alitoka nduki na shuka shingoni, nusu ya kichwa kipara na nusu kichaka. Kinyozi akaikumbatia runinga yake, akaing'oa ukutani na waya zake, akazunguka nayo akitafuta pa kuificha, akaiweka kwenye beseni la taulo.

"Lipa!" nikamwambia. "Lipa leo! Lipa au twende!"

Mpango ulikuwa kwamba hapo nivue barakoa, tucheke, yaishe. Lakini Kinyozi alipiga magoti. Akapiga magoti kwenye nywele za watu, mtu mzima, akanishika koti na kuniambia, "Mzee wangu, nihurumie. Mke wangu yuko hospitali, amelazwa. Usinichukulie mashine zangu." Na machozi yakamtoka.

Mtu akishapiga magoti huwezi kumwambia ni mzaha. Labda mwingine anaweza. Mimi nilikimbia.

Kijiko alituma video ile kwa watu wa bweni letu tu. Watu wa bweni nao waliituma kwa watu wao tu. Mpaka tunafungua shule, ilikuwa imefika kwa mpishi, kwa askari wa geti, na kwa makamu mwenyewe, ambaye aliitazama mara mbili na kusema mkaguzi yule ana sauti ya uongozi.

Mamlaka ya ada ilikanusha. Ikasema haina mkaguzi wa namna hiyo wala haitumii vifuniko vya sufuria. Hakuna aliyeamini, kwa sababu wakaguzi wa kweli walishapita mitaani na kubeba runinga za wajane, na walikuwa hawana hata kifuniko. Bungeni walikuwa tayari wanavutana juu ya ada hiyo. Mbunge mmoja akasimama, akaionyesha video, magoti yale yakaonekana nchi nzima, na hapo kura zikalala upande mmoja. Ada ikafutwa. Kinyozi alibebwa mabegani mtaa mzima, naye akanyoa watu bure hadi mashine ikapata moto.

Nami huko bwenini nilipigiwa makofi kwa siri. Mheshimiwa amefuta sheria! Nilijisikia mtu mkubwa mpaka likizo iliyofuata.

Kituo cha umma kilipokosa ada kilitangaza kwamba kitapunguza matumizi yasiyo ya lazima. Utepe ulibaki. Vyoo vilibaki. Kisichokuwa cha lazima kilikuwa yule mwanamke wa hereni.

Nilifika nyumbani jioni hiyo hiyo aliyoondolewa. Bibi alivuta kiti kama kawaida. Taarifa ikaanza. Akanyanyuka, akachukua kipande cha kitambaa, akafuta pembe ya kioo. Akakaa. Akanyanyuka tena, akafuta tena. Kisha akanigeukia. "Panda juu, geuza antena. Amekwama."

Nilipanda juu nikaigeuza antena. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, nikijua. Niliposhuka alikuwa anatazama midomo ya msomaji wa habari ikifunguka na kufungika kama ya samaki.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Siasa tu, Bibi."

Unaweza kujiuliza kwa nini Bibi hakuwahi kuiona video iliyoonwa na nchi nzima. Ni rahisi. Nani humwonyesha kiziwi video ya mtu anayepiga kelele?

Aliyemwonyesha ni Kinyozi. Alipanda kwetu na shuka zake za kunyolea ili Bibi azipinde kingo. Mama alikuwa kazini. Runinga ilikuwa inawaka, na Bibi alikuwa ameipa mgongo.

"Vipi, bibi yako haangalii taarifa siku hizi?" Kinyozi akaniuliza.

"Kidirisha kimeondolewa, mjomba. Hawana hela."

Akajikuna shingo. Sikumwona akifurahi. "Hilo sikulifikiria, mwanangu. Mimi nilikuwa na hasira na ada tu." Akatoa simu. "Mpe hii. Akiona nilivyodhalilishwa ataelewa kwamba sikuwa na ubaya na mtu."

Nilijaribu kusema kwamba Bibi amechoka, lakini simu ilikuwa imeshafika mkononi mwake.

Mwanzoni alitabasamu, runinga ilipoingia kwenye beseni. Kisha akaacha. Akairudisha video nyuma, jambo ambalo nilimfundisha mimi mwenyewe. Sisi wenye masikio tulimsikiliza mkaguzi, na macho tukayapeleka kwa Kinyozi. Bibi hakuwa na cha kusikiliza, alimtazama mkaguzi peke yake. Nikainama juu ya bega lake nikaona alichokuwa anakiona. "Lipa!" na vidole viwili vinazama ndani ya kola ya koti la mvua. "Lipa leo!" vinazama tena. Nchi nzima ilidhani mkaguzi anasikia joto.

Bibi akaiweka simu juu ya cherehani. Akaitazama mikono yangu. Nikaitia mfukoni, na hilo nalo likawa jibu.

"Ni wewe," akasema kwa mikono.

"Anasemaje?" Kinyozi akauliza.

Ndugu zangu, hapo ndipo alipokuwa amesimama mkalimani pekee aliyebaki, akitegemewa na pande zote mbili. "Anasema pole sana, mjomba. Anasema na kwenye picha umetoka vizuri."

Kinyozi akacheka, akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mama yangu. Ahsante sana."

Bibi akauchunguza uso wake, kisha akanigeukia. "Umemwambia nini? Mtu hacheki kwa neno nililolisema mimi."

Nikaitoa mikono, nikaanza kufanya biashara. "Bibi, nitakaa pale pembeni ya runinga kila jioni. Nitakutafsiria neno kwa neno mpaka likizo iishe."

"Wewe?" Mikono yake ilikwenda polepole, kama anayefumua mshono. "Yule wa hereni sikujua hata anakaa wapi, lakini nilimwamini. Wewe nimekufunga nepi, na sasa hivi umenidanganya mbele ya macho yangu. Nitajuaje waziri amesema nini?"

Hakuniita mume wangu. Mdomoni nina sauti za watu wengi, na zote hufika mbio zikihitajika. Mikononi nina yangu tu.

"Mwambie," akasema. "Kwa mdomo na kwa mikono. Nione."

"Mbona kimya?" Kinyozi alikuwa bado anatabasamu. "Bibi yako anasemaje?"

Sauti ya makamu ilinijia kooni yenyewe, pana, yenye kujua kuomba radhi kwa niaba ya taasisi. Nikaimeza. Nikanyoosha kidole kifuani kwangu.

"Anasema mkaguzi ni mimi, mjomba. Na ni kweli, ni mimi. Nilikuambia ulipe," na vidole vikaingia shingoni, Kinyozi akaviona, na tabasamu likaanza kumwondoka, "ukapiga magoti, ukasema mke wako amelazwa, nikakimbia. Hata antena niliigeuza nikijua hakuna kitu."

Bibi hakunitazama usoni hata kidogo. Aliifuata mikono yangu hadi mwisho, kuhakikisha sijaruka neno.