Mkunga Huja Mei

Garifalia alikuwa akikaanga dagaa jikoni kwake Pireo, mimba ya miezi saba ikimweka mbali na jiko, mama yake alipopiga simu kutoka kisiwani Skafonisi kumwambia asije.

"Ibada ya mwaka ya baba yako tutaifanya wenyewe," alisema Bi Stamatia. "Wewe njoo Mei."

"Mei wanakuja wageni, mama. Mimi si mgeni."

"Januari huku daktari hayupo, mkunga hayupo, duka la dawa limefungwa. Meli yenyewe ikinuna, haiji. Utazalia wapi, kwenye zizi la mbuzi?"

Mumewe Sotiris, aliyekuwa akikata limau, alidakia, "Msikilize mama. Leo kwa mara ya kwanza niko upande wake."

Garifalia alilifikiria jambo hilo siku kadhaa. Baba yake alifariki Januari iliyopita kwenye benchi la gatini, akingoja meli ya kumpeleka hospitali ng'ambo, kwa kuwa moyo wake haukujua kusubiri. Garifalia hakumzika, maana meli hiyohiyo ndiyo ingemleta yeye. Kilichomfanya akate shauri ni tangazo aliloliona kituo cha treni: gati la Skafonisi, jua linawaka, benchi lilelile limepakwa buluu, na chini yake maneno, "Kisiwa kinakungoja." Alikata tiketi jioni hiyo.

"Nakwenda," alimwambia Sotiris. "Wiki moja tu, narudi."

Ibada ilifanyika vizuri. Padri alibariki ngano iliyochemshwa kwa sukari na komamanga, watu wakala, wakamtaja marehemu. Kesho yake meli iliondolewa kwenda kupakwa rangi kwa ajili ya msimu wa watalii. Helikopta ya wagonjwa nayo haikuwa na pa kutua, kwa sababu hoteli ilikuwa imekijaza kiwanja chake chote viti vya ufukweni.

Uchungu ulimshika Machi, upepo ukivuma. Bi Stamatia alikwenda kliniki, akalitikisa kufuli, akarudi. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na kitovu cha bintiye.

"Mjukuu wangu, mkunga hajaja. Subiri."

Uchungu ukakatika.

Jirani yao, Bi Marigo, alileta supu ya kuku. "Usimuudhi tu, atakuvunja mbavu," alisema. "Fotis wangu alitoka anajua kufunga kamba za viatu."

"Na wewe ulifanyaje, shangazi?"

"Nilimbeba, ningefanyaje? Meno ya mbele ndiyo yaliyonitoka."

"Hamkumwambia mtu?"

"Nani? Ofisi iko ng'ambo, mwanangu, na meli haiji."

Garifalia akawa analala ameketi. Ngazi alizishuka kinyumenyume, kwa maana tumbo lilimziba miguu. Baada ya Pasaka jino lake la kwanza lilibaki kwenye mkate. Mtoto alikuwa ameanza kusema; jioni, sufuria zikichemka, aliuliza kutoka tumboni, "Bado?"

"Bado," alijibu Garifalia, akalia. Mama yake alidhani ni maumivu. Ilikuwa hasira tupu.

Meli ilirudi Mei, nyeupe pe. Ilishusha watalii, kreti za bia, daktari, mwenye duka la dawa, Sotiris aliyekonda, na mkunga, binti wa Thesaloniki mwenye begi la magurudumu. Alipofungua kufuli, wanawake wengine wawili walikuwa wameshakaa mlangoni.

Mtoto wa Garifalia alizaliwa mchana huo, wa kike, nywele mabegani, meno manne. Alimtazama mkunga, akamwambia, "Umechelewa."

"Mkataba wangu unaanza leo," alisema mkunga, akakata kitovu.

Wiki tatu baadaye afisa wa afya alifika na msafara wake. Aliwakusanya watu uwanjani, akapewa kipaza sauti.

"Nawapongezeni, ndugu zangu. Majira yote ya baridi, katika kliniki yenu hakuna aliyezaliwa kwa dharura, wala hakuna aliyefariki."

"Ilikuwa imefungwa!" Garifalia alipaza sauti, mtoto kiunoni, pengo mdomoni. "Mwaka jana baba yangu alikufa nje yake, gatini!"

"Pole sana, dada. Lakini nje si kliniki."

"Njoo basi umtazame huyu! Nimembeba miezi kumi na moja!"

Sotiris alimshika mkono. Garifalia akaukung'uta. Alipenya katikati ya watu mpaka mbele, akamsimamisha mtoto juu ya meza, kati ya chupa za maji za wakubwa. Mtoto akasimama imara.

"Ameshiba huyu," alisema afisa. "Ana mwaka?"

"Ana wiki tatu."

"Hongera. Lishe ya visiwani." Akamtekenya kidevu, akarudi kwenye kipaza sauti. "Kwa hiyo tumeona fedha zielekezwe penye mahitaji. Kuanzia mwakani mkunga atakuja Juni."

Wenye hoteli walipiga makofi. Garifalia alimshusha mtoto mezani, akawatazama waliopiga makofi mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtazama.

Nyuma kabisa, mke wa mwokaji mikate, ambaye mimba yake ilikuwa haijaanza kuonekana, aliinamisha kichwa kulielekea tumbo lake.

"Umesikia?" alisema taratibu. "Juni."