Fundi Aliyechelewa Siku Nne

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi lifti alipewa taarifa yake ya mikopo kwenye dirisha la tatu la ofisi ya kumbukumbu za wakopaji, kurasa nne zilizopigwa pini kwenye kona isiyo yake. Alizisoma amesimama. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba alichelewa kulipia friji mara tatu, kila mara siku nne. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Ujumbe wa simu wa kila malipo alikuwa nao, wenye tarehe na saa, na alijua fika kwamba mtandao wa kampuni iliyomkopesha uligoma mwisho wa miezi ile mitatu, fedha yake ikaandikwa ulipoamka. Alama zake zilikuwa mia tano sabini na moja. Mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyotaka kuipanga alidai mia sita.

"Hapa pana makosa, dada," fundi alimwambia karani.

Karani aliona midomo inacheza, basi.

Maneno hayo yalisikika Jumamosi, ofisi imefungwa, mlinzi akiwa peke yake na chai yake. Yaliendelea kwa dakika tisa, pamoja na tarehe zote. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba fundi ameonewa, akaongeza sukari.

Tangu siku ile sauti ya fundi ilifika siku nne baada ya kuitoa, pale pale alipoitolea. Wino wake ulikuwa vivyo hivyo: barua aliyoiandika ilikaa tupu siku nne, kisha ikajaa. Mwili wake tu ndio uliofika kwa wakati.

Kazini walizoea upesi. Mwenzake wa zamu alipatana naye ishara za mikono, maana huwezi kumngoja mtu mpaka Ijumaa akwambie uachie breki. Wapangaji walizoea kuingia kwenye lifti tupu na kusikia sauti ikisema mlango unakwaruza, lete grisi. Wakambatiza jina la Mwangwi. Fundi alicheka, ila kicheko chenyewe kilifika siku ya mazishi ya bosi mdogo, watu wamesimama kimya kumkumbuka, na ikabidi kisamehewe.

"Chelewa chelewa, Mwangwi, utakuta mwana si wako," mwenzake alimtania siku moja wakipaka kamba mafuta. Kisha akakumbuka habari za binti wa fundi, akainama kwenye kopo la mafuta.

Binti huyo alikuwa na miaka minane. Mama yake alipofariki, alipelekwa kwa shangazi yake, dada wa fundi, kwa sababu chumba cha fundi kilienea kitanda kimoja na friji. Aliahidiwa kwamba shule zikifunguliwa atakuwa akiishi na baba yake kwenye vyumba viwili. Alishachagua kulala upande wa dirisha. Fundi alikuwa mpweke, na upweke wake ulizidi jioni, anapofungua friji na kukuta maji na limau.

Kila Jumapili saa kumi alikwenda kwa dada yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na kabati, akazungumza. Mtoto hakusikia kitu; alimwonyesha madaftari. Alhamisi saa kumi kiti kilianza kusema. Shangazi alipunguza redio, mtoto akasogeza kigoda, akasikiliza, na kila alipoulizwa alijibu. Majibu hayo aliyarudia Jumapili iliyofuata, baba yake akiwapo.

Barua ya kupinga fundi aliipeleka Jumatatu. Karani aliipokea tupu hivyo hivyo, akaiweka kwenye trei ya Ijumaa.

"Tunao wengine," alimwambia. "Kuna mama mmoja wa siku tisini. Huyo hodi yake tunaisikia kesi imeshafungwa."

Wakati wa kungoja jibu, fundi alilipia friji siku kumi kabla ya tarehe. Fedha ilifika kwenye kampuni, ikakaa, kwa kuwa malipo ya mapema hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Tarehe ilipofika ndipo ilipoanza safari yake ya siku nne.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Karani alilisoma taratibu.

"Kampuni imechunguza. Wanasema kumbukumbu ziko sawa. Hata ya mwezi huu imechelewa siku nne. Sasa una alama mia tano arobaini na nane."

Fundi alipanga jumbe zake zote kwenye dirisha, zimechapwa na kupigwa mstari. Midomo ikacheza.

"Najua unachosema, kaka. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini wameandika kwamba unachelewa, na wewe si unachelewa?" Karani alimrudishia karatasi zake. "Ukitaka kupinga tena, unaeleza mwenyewe kwa mdomo. Yasikike ndani ya siku tatu."

Fundi aliketi kwenye benchi la wanaosubiri. Ijumaa benchi hilo lililia kwa robo saa, na waliokuwa kwenye foleni wakasogea kidogo kuliachia nafasi.

Jumapili alimkuta binti yake amefunga mkoba na kuuweka mlangoni, wiki nzima kabla ya shule. Fundi alikaa kwenye kiti chake, akamwambia. Alimwambia kwamba vyumba amepewa mtu mwingine, kwamba atabaki kwa shangazi muhula huu na labda mwaka, kwamba yeye alilipa, alilipa kila mwezi. Mtoto aliitazama midomo akitabasamu.

"Baba, friji tutalibeba na sisi?"

Kichwa cha fundi kingeweza kukataa papo hapo, hilo alilijua. Hakukitikisa. Dada yake alimsoma usoni, akaingia jikoni na kufungulia maji.

Alhamisi saa kumi mtoto alisogeza kigoda. Kiti kilisema yote, na yeye hakukikatiza.

"Sawa, baba," alikijibu.

Kisha akamfuata shangazi yake jikoni.

"Shangazi, Jumapili akija, nijifanye bado sijasikia?"

Shangazi alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja mpaka kikaisha.

"Jifanye, mwanangu," alisema.

Jumapili fundi alifika saa kumi kamili. Mkoba ulikuwa mlangoni, umefungwa zipu.