Pumzi Ndogo za Kondoo

Mzee alikataa mashine asubuhi, mbele ya daktari na mbele ya binti yake, na alikataa kwa kichwa kwa sababu pumzi ya kusemea hakuwa nayo. Alikuwa ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, barakoa ya oksijeni imembana pua na mdomo, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyeshusha gunia sasa hivi. Homa ya mapafu ilimwanza kama mafua ya kawaida, akaidharau, ikamkalia.

"Babu, umechoka," daktari alimwambia. Alikuwa msichana wa umri wa mjukuu, ila mwenye sauti iliyotulia. "Kifua chako kinafanya kazi ya watu wawili. Tukulaze usingizi, mashine ikupumulie siku chache, mapafu yapate nafuu."

Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia.

Daktari akamvuta pembeni bibi, mke wa mzee. "Akili zake ni timamu, bibi, siwezi kumlazimisha. Lakini nguvu zinamwishia. Ikifika jioni hajakubali, naogopa ataanguka ghafla, na hapo tutafanya kwa kukurupuka. Tafadhali zungumza naye."

Binti yao, kitinda mimba, alikuwa ameshakuja juu. "Si baba mwenyewe alikuwa fundi wa hizo mashine enzi hizo? Sasa anaogopa nini?"

"Ndicho hicho anachoogopa," bibi alisema. "Nenda kamletee baba yako maji ya kulowesha midomo. Na usimpigie kelele."

Akavuta kiti, akakaa. Hakuanza kusema. Alimjua mumewe: ukimwendea mbio anajifungia ndani kama konokono. Akaitazama tu ile mikono iliyoshika magoti, vidole vinene vyenye makovu ya spana, na bila kutaka akajikuta amerudi bandani, enzi za ujana wao.

Banda lilikuwa nyuma ya chuo cha madaktari. Sakafu ya saruji ilioshwa kila kulipokucha, harufu ya nyasi kavu ikachanganyika na dawa ya kusafishia, na jua la asubuhi lilipita kwenye nondo za madirisha likawapiga kondoo migongoni. Yeye alikuwa msichana wa kuwatunza. Yule kijana alitokea siku moja na mfuko wa spana begani, ametumwa kufunga mashine ya kupumulia, akachungulia huku na huku.

"Dada, wagonjwa wenyewe wako wapi?"

"Si hao wanakutazama."

Kondoo wote walikuwa wameinua vichwa, wanatafuna. Kijana akawatazama, akamtazama msichana, akashusha mfuko. "Na mimi nimevaa shati jipya," akasema. Tangu hapo alikuwa anaikuta mashine na kasoro hata ikiwa nzima, mradi tu apate sababu ya kuja, mpaka wakamwajiri kabisa.

Kazi ya mle ilikuwa kuuchunguza ugonjwa mmoja mbaya: mapafu yanavimba na kujaa maji, mtu anahema na hewa haiingii kwenye damu. Watu walikuwa wanakufa nao na madaktari wanatazama. Profesa mwenye banda, mtu mrefu aliyetembea ameinama kama anayepita mlango mfupi, aliwachagua kondoo kwa kuwa kifua chao hakitofautiani sana na cha mtu kwa ukubwa. Kondoo alilazwa usingizi mzito asisikie kitu. Mapafu yake yakaoshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yakawa kama ya mgonjwa mahututi, kisha mashine ikachukua kazi ya kumpumulia, na watu wakakaa kupima.

Na kondoo hakuletwa peke yake hata siku moja. Ukimtenga na wenzake anaingiwa na hofu, anahema, vipimo vinaharibika kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo waliletwa wawili, wa kazi na wa kumsindikiza. Msindikizaji alisimama pale mpaka mwenzake asinzie, ndipo msichana akamrudisha. Kijana fundi alipenda kusema, "Na mimi nikija kwenu kujieleza nitaleta msindikizaji," na kweli alipokwenda kuposa alikwenda na Profesa. Baba wa msichana alimwogopa Profesa hata akasahau kumuuliza kijana maswali.

Zilikuwa siku nzuri. Lakini siku hizo kila mtu aliamini kwamba pafu gonjwa ni kama mtu mwenye njaa, dawa yake ni kushibishwa. Profesa akaagiza pumzi kubwa, fundi akafungua. Kifua cha kondoo kikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Damu ikapimwa, ikapendeza, watu wakapeana mikono. Ikifika alasiri mrija wa kooni unatoa povu lenye damu, na mapafu, yalipotazamwa baadaye, yalikuwa yamechanika ndani kama kitambaa kilichovutwa pande mbili. Kondoo baada ya kondoo. Fundi alisimama kando ya mashine yake, mashine iliyofanya kila ilichoamriwa, akaona inachofanya. Mwishowe akakusanya spana zake, akaenda kutengeneza friji.

"Friji ikiharibika haihemi," alisema. Na walipooana aliweka sharti moja tu, kwamba mambo ya banda yaishie bandani.

Bibi akalishika. Aliendelea na kazi yake miaka na miaka, akirudi nyumbani ananuka kondoo, mume anamtania kwa hilo, lakini hakuuliza kilichotokea kutwa, na mke hakusema. Sasa mzee alikuwa ameketi hapa, anaikataa mashine ile aliyoiacha ujanani, kana kwamba nayo ilibaki imesimama palepale ikimngoja.

"Baba watoto," bibi alisema. "Leo nalivunja sharti lako."

Mzee akafumbua macho.

"Ulipoondoka, sisi tuliendelea. Profesa alikaa muda hataki kusema na mtu. Halafu akaja asubuhi moja akasema, labda tunawavimbisha mno. Tuwape pumzi ndogo, na mashine ibakize hewa kidogo ndani, pafu lisinywee kabisa."

"Ndogo," mzee akasema ndani ya barakoa.

"Ndogo kiasi kwamba nilimwendea nikamwambia, Profesa, huyu hapumui. Kifua hakionekani kupanda. Akaniambia tuliza roho. Basi tukakaa. Mchana ukapita, alasiri ile ya povu ikapita, mrija mkavu. Mapafu hayakuwa mazuri, kondoo alikuwa mgonjwa, lakini hayakuchanika. Tukarudia kwa wengine, ikawa hivyohivyo. Mmoja wakamwamsha. Akasimama amelewalewa, akaanza kula karatasi za Profesa."

Mabega ya mzee yakatikisika. Kilikuwa kicheko, kikageuka kikohozi, na bibi akamshika mgongo mpaka kikapita. Binti akaja mbio na kikombe cha maji. Bibi akamwashiria asimame hapohapo.

"Hukuniambia," mzee alisema.

"Nikuambie saa ngapi? Nilikuja siku ile mdomo umenijaa maneno, ukaniona tu ninavyocheka ukasema, ya banda yaishie bandani. Nikayameza, nikakupakulia chakula. Nimekuwa mke mtiifu, leo unanigeuzia kosa."

"Mtiifu," binti alinong'ona akitazama dari.

"Wewe nyamaza."

Mzee aliinua kidole akakielekeza mlangoni. Bibi akaelewa, akamtuma binti amwite daktari. Daktari akaja, akachuchumaa mbele ya kitanda ili macho yao yalingane.

"Pumzi," mzee akasema, akapumzika kidogo, akaendelea. "Utanipa kubwa kiasi gani?"

"Ndogo, babu. Napima urefu wako, napiga hesabu kwa urefu. Unene siuhesabu, maana mapafu hayanenepi."

"Hapo umesalimika," bibi alimwambia mumewe.

"Nani kakufundisha?" mzee akauliza.

"Chuoni. Wote tunafundishwa hivyo sasa. Ilianzia kwa wanyama, babu, sehemu nyingi, kondoo, nguruwe, panya. Baadaye wakajaribu kwa wagonjwa, wakaona waliopewa pumzi ndogo wanapona wengi zaidi."

"Kondoo wangu."

"Wangu," bibi akasema. "Wewe ulikuwa wa mabomba."

Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama daktari. "Na wapo wasioamka?"

Binti akageukia dirisha. Daktari akamjibu. "Wapo, babu. Sitakudanganya. Lakini ukibaki hivi, kifua chako hakifiki kesho. Huko walau una nafasi, tena nzuri."

Wodi nzima ilikuwa na sauti zake, magurudumu ya kitoroli, mtu anaita nesi, lakini bibi alisikia pumzi moja tu, ile fupi inayokwaruza. Alitamani kusema tena. Akajizuia. Alikuwa amemaliza maneno, na yaliyobaki yalikuwa ya mwenye kifua.

Mzee akainua barakoa, akatoa meno yake ya bandia, akayafuta kwa shuka, akamkabidhi mkewe. "Nilazeni," akasema.

Akalazwa. Akageuzwa kifudifudi kutwa nzima, mapafu yapate hewa vizuri, akarudishwa chali, akageuzwa tena. Kuna siku daktari alitoka chumbani na uso ambao bibi hakuupenda, na kuna siku alitoka anatembea upesi, amechangamka. Binti akilia, bibi alimpeleka nje wakaote jua. Yeye mwenyewe alilia bafuni nyumbani, maji yakiwa yamefunguliwa.

Kisha wakampunguzia dawa ya usingizi, wakautoa mrija, na mzee akalala akitazama dari kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Bibi alipoingia alikuwa amegeuza shingo, anaitazama mashine iliyosogezwa ukutani, kila upande aliouweza.

"Ndiyo hii?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini yake.

"Ndiyo hiyo."

Akaitazama tena, kama aliyechukizwa kidogo. "Haina kelele. Ile yangu ungeisikia toka getini."

"Nilikuwa naisikia," bibi alisema, akamwekea mto vizuri. "Ndivyo nilivyokuwa najua kwamba umefika."