Unilehemu

Nzilani alipofika ukurasa wa tatu wa nakala ya wimbo aliyogawiwa, alisoma mstari wake mara mbili. Pale alipotakiwa kuimba peke yake palikuwa pamechapwa: Unilehemu, Mungu wangu.

Kwaya nzima ya Kitengela ilicheka. Yeye hakucheka. Marehemu baba yake, mwalimu Nzuki, Mkamba halisi, ndiye aliyekuwa akiandika l kila penye r. Na wimbo huu wa toba, wa sauti nne, uko nyumbani kwenye daftari la baba, kwa penseli, na jina lake juu. Lakini nakala hii ilisema: Mtunzi, Meitamei. Mmaasai na l ya Kikamba, wapi na wapi?

Meitamei, mwalimu wao wa kwaya, alieleza kwamba nakala yake ya kwanza ilipotea, akapata nyingine kwa kwaya ya Bisil, na mchapaji akafuata alichoona. Maelezo laini hivyo ndiyo yaliyomchoma Nzilani zaidi. Akaanza kumchunguza. Mwalimu akifumba macho akiongoza, anajificha. Akisifiwa akainama, aibu ya mwizi hiyo. Jamani, mtu ukishamshuku, hata kikohozi chake ni ushahidi.

Jumamosi iliyofuata alilibwaga daftari mbele ya kwaya.

"Mwalimu, hii wimbo ni ya baba yangu. Niko na daftari yake hapa. Unatufundisha kutubu na wewe mwenyewe umeiba?"

Meitamei aliinua ukurasa wa kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akalifunga daftari, akamrudishia.

"Ni mkono ya mzee, kweli. Yeye ndiye alinifundisha kusoma nota za sol-fa. Weka hii vizuri, mama. Ijumaa tuko Kajiado. Utaimba?"

Basi? Hata kujitetea hakuna? Nzilani alifura kwa hasira. Na alikuwa akitazama nini pale dirishani? Akaenda akasimama palepale, akauinua ukurasa.

Chini ya jina la Nzuki karatasi ilikuwa imechakaa kwa raba. Penseli ilifutika, mikwaruzo ikabaki: Umetungwa na Meitamei, umenakiliwa na Nzuki. Mwandiko wote ni wa baba. Aliandika ukweli, kisha akaufuta. Kumbe hata ile l ya nakala ya Bisil ilitoka kwenye mkono wake wa kunakili.

Nzilani aliona aibu. Mwalimu alikuwa ameusoma ukweli huo mbele ya watu wote, akaunyamazia kwa ajili ya marehemu.

Ijumaa Kuu kanisa la Kajiado lilijaa. Nakala zilikwisha kusahihishwa, zote zilisema Unirehemu. Zamu yake ilipofika, Nzilani alimwomba Mungu kwa niaba ya baba yake, na kwa ulimi wa baba yake.

"Unilehemu," aliimba, machozi yakimtoka.

Florence, aliyesimama kando yake, alimfinya akidhani amekosea. Meitamei hakukunja uso. Aliinua kiganja akaizuia kwaya isiingie, akamwashiria Nzilani aimbe tena vilevile.