Shibiri ya Fundi

Futi ya kupimia sijawahi kuivaa shingoni. Mafundi wengine huivaa kama tai. Mimi napima kwa shibiri, kidole gumba mpaka cha mwisho. Mteja nikishampima mara moja, shibiri zake hukaa kichwani mwangu maisha yake yote, hata akirudi baada ya miaka simpimi tena. Kwenye ukingo wa meza ya kukatia nilichonga alama mbili tangu ujana, urefu wa shibiri yangu. Mtaa mzima unanijua kwa hilo, na sifichi, napenda kujulikana.

Halafu pasi ikateleza, nami nikaidaka kwa kiganja. Usiniulize kwa nini. Kidonda kilipona, kikaacha kovu nene, gumu, lililovuta gumba kuelekea ndani. Nikarudi kazini kifua mbele.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mkuu: suruali haipandi. Nikamwambia amenenepa. Akaja muuguzi, blauzi inambana. Nikamshauri apunguze kula. Alipofuata kinyozi, mwembamba kama uzi, mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba watoto, mtaa mzima umenenepa kwa mpigo?"

Binti yetu, anayetibu viungo kliniki, hakucheka. Aliushika mkono wangu, akaulaza mezani. Gumba likagusa alama ya kwanza. Kidole cha mwisho kikaishia njiani.

Niliona aibu, jamani, na hofu pia. Vipimo vya watu wote wale vilikuwa kichwani, lakini kwa shibiri ambayo sikuwa nayo tena.

"Njoo kliniki, baba. Kuna mashine ya mawimbi, inalainisha makovu."

"Nipigwe shoti na mwanangu wa kumzaa? Bora nishike futi."

"Basi shika," akasema, akaichomoa ya mama yake kwenye kikapu cha nyuzi.

Jeuri hiyo sijui kairithi wapi. Nilikwenda.

Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, na mashine yenye mpini kama wa kikaushio cha nywele. Alinipaka jeli baridi, akagusisha ncha ya mpini kwenye kovu, ikaanza kugonga: ta-ta-ta-ta.

"Siyo umeme, baba. Ni mawimbi ya mgandamizo. Nyuzi za kovu zimejisokota ovyo, tunazigonga zilegee, damu ipite, halafu tunanyoosha."

Nyuzi zilizojisokota! Angeanza hapo ningemwelewa siku ile ile.

"Unaumia?"

"Wala," nikasema, machozi yakinilengalenga. Akapunguza nguvu kimyakimya.

Nilimtazama akifanya kazi. Nyumbani ni mtoto wa kusahau funguo. Hapa watu wazima walimwita daktari, na akiongea wananyamaza. Kifua kilinijaa. Ila koti lake! Mikono ilimmeza vidole, kila mara anaikunja.

"Koti hilo kashona nani, adui yako?"

"La dukani, baba. Tulia."

Nikaapa palepale: kiganja hiki kikifunguka, kitu cha kwanza kukata ni koti lake.

Wiki baada ya wiki alinigonga na kuninyoosha, na nyumbani nikawa nalaza mkono mezani. Kovu likalainika. Kidole kikasogea, kikasogea, kisha kikagoma, umebaki unene wa ukucha kufika alama.

"Mwisho ni hapo, baba," akasema taratibu. "Kovu haliishi lote. Sikudanganyi."

Sikususa. Nilichukua kisu, nikachonga alama mpya pale kidole kilipofika. Kisha nikatandika kitambaa cheupe.

"Nisimame unipime?" akauliza.

"Nikupime wewe? Wewe nakujua."

Nikakata kwa kichwa, kila shibiri nikiiongezea unene wa ukucha. Mama yake alisimama mlangoni na futi mkononi, tahadhari kabla ya hatari. Hakuna aliyeiomba.

Koti lilimkaa. Mikono iliishia pale hasa kiganja kinapoanzia. Asubuhi nikamsindikiza kliniki, sina miadi yoyote, maringo tu. Mzee mmoja kwenye benchi la wagonjwa akalikagua koti mbele na nyuma, akauliza kalishona fundi gani. Binti yangu akaninyooshea kidole.

Nikainua kiganja juu, na kovu lake, kila mtu aone.

"Koti nimelishona mimi," nikasema. "Kiganja hiki amekishona yeye."